Nilidhani Ni Malaria

Hotuba kwa wanawake vijana na waume zao, katika ukumbi wa kanisa, Nyalenda, Kisumu

Mwenyekiti wa chama chetu, mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi nasi: nawasalimu, na nawashukuru.

Nimeombwa niseme juu ya mimba ya kwanza. Habari za leba na kujifungua nawaachia wauguzi, zina siku yake. Mimi nataka zile wiki za mwanzo kabisa, tumbo likiwa bado bapa, jirani hajui, mama mkwe hajui, na mara nyingine hata mwenye mimba hajui. Nazitaka hizo kwa sababu ndizo tunazozificha, na ndizo mtoto anazoumbwa.

Nianze na yangu. Nilikuwa na miaka 22, miezi saba tangu niolewe, nakaanga samaki kando ya barabara kule Kondele. Asubuhi moja mwili ukagoma. Viungo vimelegea, kichwa kizito, mate yanajaa mdomoni, nikiyatema yanajaa tena. Harufu ya mbuta kwenye mafuta, harufu iliyonilea, ikanipindua tumbo mbele ya wateja. Sasa, mtu wa Kisumu akiamka hivyo haulizi mara mbili. Sisi watu wa ziwa tumekua na malaria kama watu wa nyanda za juu walivyokua na mafua. Nikaenda dukani, nikanunua dawa, nikameza siku tatu. Sikutobolewa kidole. Aliyeniuzia hakuniuliza siku zangu nilizipata lini, nami sikujiuliza.

Siku ya tano nilikuwa bado natapika. Akaja mama mmoja mzee, mteja wangu wa kila jioni. Hakuangalia samaki. Alinitazama hapa, kwenye kibonde cha koo, pale mshipa unapodunda, akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwanangu, malaria hiyo itakuja kukuita mama.”

Tangu nianze kupita nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya ya jamii, nimeisikia hadithi hiyo hiyo Manyatta, nimeisikia Obunga, nimeisikia hapa hapa Nyalenda. Wala si ujinga wa mtu. Dalili zenyewe ni pacha. Mimba changa inachosha hadi mtu anasinzia akiwa amesimama, inaumiza kichwa, inaleta kichefuchefu, hata joto la mwili hupanda kidogo. Ndiyo maana nawasihi, kabla ya kwenda dukani kununua dawa ya malaria, mwanamke ajiulize: siku zangu zilikuja lini? Na ukifika kwa daktari au kwenye duka la dawa, usingoje kuulizwa. Tangulia kusema, “Siku zangu zimepita, huenda nina mimba.” Kuna dawa ambazo mimba changa haizitaki, na anayekupa dawa hawezi kukulinda na jambo asilolijua.

Kipimo cha mkojo kipo katika kila duka la dawa. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, siku zikiwa zimeshapita. Kinachotafutwa ni homoni ambayo mwili huanza kuitoa yai lililotungwa likishajishikiza kwenye mfuko wa uzazi. Ukipima mapema mno, kipimo kinaweza kusema hakuna ilhali ipo. Ngoja wiki moja, rudia.

Hapa nina neno na akina baba, na naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili nimeona likivunja nyumba. Ni hesabu. Mume anafanya kazi Nairobi. Anakuja nyumbani, anakaa siku chache, anarudi. Baada ya wiki nne mke anakwenda kliniki, muuguzi anaandika kwenye kijitabu: wiki 6. Mke kwa furaha anapiga picha ukurasa ule, anautuma kwa simu. Kule Nairobi mume anahesabu vidole vyake. Wiki sita? Mimi wiki sita zilizopita nilikuwa huku! Na hapo maneno yanaanza, na wengine hawakurudi tena.

Baba, hesabu ya mimba haianzi siku mliyokutana. Siku hiyo hospitali haiwezi kuijua, na mara nyingi hata ninyi wenyewe hamuijui. Inaanza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo kwa wanawake wengi ni kama wiki mbili kabla mimba haijatunga. Zile wiki mbili za mwanzo zinahesabiwa na hakuna mtoto. Hivyo ndivyo zinavyopatikana wiki 40, siku 280, duniani kote. Muuguzi akisema wiki 6, mimba yenyewe ina wiki nne hivi tangu itunge. Mkeo hajakudanganya. Na wewe dada, andika tarehe ya siku zako kila mwezi, kwenye simu, kwenye kalenda ya ukutani, popote. Tarehe hiyo ndiyo ya kwanza utakayoulizwa kliniki, na itakuepushia mengi.

Basi kwa hesabu hiyo, siku unayogundua kwamba hedhi imechelewa, tayari uko wiki ya 4. Kilichomo ndani ni kidogo kuliko mbegu ya simsim. Ukifika wiki ya 6 kimekuwa kama punje ya dengu, na kitakachokuwa moyo kimeshaanza kupiga. Katika wiki hiyo hiyo, ule mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unamaliza kujifunga. Usipojifunga vizuri, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Wiki ya 12 ana urefu wa sentimita 6 hivi, ana vidole, na viungo vyote vikubwa vimeshapata mahali pake. Kinachobaki baada ya hapo ni kukua na kukomaa.

Mimi hili lilinishtua nilipofundishwa. Sisi tumezoea kwenda kliniki tumbo likishaonekana, mwezi wa tano, wa sita. Mama anafika, anapewa vidonge, anashukuru. Lakini ule mfereji wa mgongo ulishafunga, au ulikataa kufunga, zaidi ya miezi mitatu iliyopita, wakati yeye alikuwa akijificha kwa khanga kifuani na kusema ana malaria.

Kinachousaidia kujifunga ni asidi ya foliki. Anayepanga kupata mtoto aanze kuimeza kabla mimba haijatunga, mikrogramu 400 kwa siku. Aliyeshtukizwa aanze siku anayojua. Kliniki za serikali zinatoa kidonge kimoja chenye vyote viwili, madini ya chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400, na hukinunui. Kitafanya choo kiwe cheusi, usiogope, ni yale madini. Tangu mwaka 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani utiwe virutubishi hivyo. Ila ukipeleka mahindi yako mwenyewe posho mill, unga unatoka vile mahindi yalivyoingia. Siwaambii muache unga wa posho mill, nami naula. Nasema kidonge kisikose.

Turudi kwenye malaria, kwa maana nisije nikaeleweka kwamba haipo. Ipo, na mimba ya kwanza ndiyo inayoipenda zaidi. Dada zangu waliozaliwa hapa huniambia, “Mimi malaria nimeizoea, mwili wangu unaijua.” Ni kweli mwili unaijua malaria ya kawaida. Lakini vijidudu vya malaria vikikuta mimba, vipo vinavyogeuka na kujibandika kwenye kondo la nyuma, na aina hiyo mwili wa mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba haujawahi kukutana nayo. Ndiyo maana anayebeba kwa mara ya kwanza huumizwa zaidi kuliko aliyezaa watatu. Damu inapungua, mtoto anazaliwa mdogo, na mimba inaweza kutoka. Pengine wewe mwenyewe usisikie hata homa.

Kwa hiyo, neti. Usiku wa leo. Kliniki ya kwanza hapa kwetu utapewa neti yenye dawa, nayo ni ya kulalia, si ya kufunikia vifaranga wala kuanikia omena. Zile tembe tatu za kuzuia malaria zinazomezwa mbele ya muuguzi zinaanza wiki ya 13, kisha kila baada ya mwezi, angalau mara tatu. Kabla ya wiki ya 13 hazitolewi, kwa hiyo miezi hii mitatu ya mwanzo neti ndiyo ngao yako kubwa. Na ukihisi homa, nenda utobolewe kidole. Ikiwa ni malaria kweli, kuna matibabu ya mimba changa, na daktari ndiye atakayekuchagulia.

Kutapika sasa. Wengi huanza karibu na wiki ya 6, kunazidi kama wiki ya 9, na kufikia wiki ya 16 wengi wamepata nafuu. Mimi nilisaidiwa na kipande cha kiazi kitamu kilicholala, nakila kitandani kabla sijainuka. Wengine ni tangawizi, wengine ni kutafuna kidogo kidogo mchana kutwa bila kuliacha tumbo tupu. Tafuta chako. Lakini mtu asiyeweza kubakisha hata maji tumboni kwa siku nzima, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, anasimama anaona kizunguzungu, huyo apelekwe hospitali atiwe maji. Asiambiwe “ndivyo mimba zilivyo”. Hilo neno limelaza wengi.

Na odowa, ule udongo wa kutafuna. Najua humu ndani mikoba mingine inayo, na sitamwaibisha mtu. Mimi pia niliitafuna, nikinunua soko la Kibuye, vipande vya kijivu, na utamu wake ule wa mvua ya kwanza kwenye vumbi siwezi kuueleza kwa asiyeujua. Hamu hiyo ya udongo mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa damu. Tatizo ni kwamba odowa haileti damu. Inaleta minyoo, inaleta uchafu wa mahali ilipochimbwa, na inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Ukiitamani sana, mwambie muuguzi akupime damu. Kula mboga zetu za kienyeji, osuga, dek, ododo na boo, na kula omena, na usishushie kwa chai hapo hapo. Chai ingoje saa moja hivi. Chungwa ndilo likae karibu na sahani.

Baba, mkeo anaweza kuikataa harufu yako. Shati lililomfurahisha mwezi uliopita linamtapisha leo, na watu watakwambia mimba imekukataa. Wangu alihuzunika sana, akidhani nimemchoka. Ni pua tu iliyokuwa kali. Oga, vumilia, pika wewe kwa wiki chache hizi. Kama mnaendelea vizuri na hakuna damu wala maumivu, kulala pamoja hakuidhuru mimba. Pombe, iwe ya chupa au chang'aa, aiache kabisa, na wewe ukiiacha naye atapata nguvu.

Sasa nifike pale ambapo ni pagumu kwangu.

Yule mama mzee aliponiambia, nilikwenda nikapima, nikajua. Na sikumwambia mtu. Sikumwambia mama yangu. Mume nilimwambia baada ya wiki mbili, nikamwapisha asiseme. Ninyi mnajua sababu, mmelelewa nayo kama mimi: mimba changa haitangazwi. Kuna kijicho, kuna sihoho, lile jicho baya, kuna yule shangazi ambaye ulimi wake ukikutaja, jambo lako halifaulu. Nyanya zetu walificha, na siwacheki nyanya zetu. Walikuwa wameona mimba nyingi zikitoka, na hawakuwa na jingine la kukinga nalo ila kunyamaza. Lakini mimi kunyamaza kwangu kulinifanya nisiende kliniki, maana kliniki kuna foleni, na kwenye foleni kuna majirani.

Wiki ya 10, usiku, damu ilikuja. Mume wangu alikuwa Busia kwa kazi. Niliumwa tumbo hadi alfajiri, peke yangu, nikiuma leso ili nyumba ya pili wasisikie. Asubuhi nilifua shuka. Jioni nilikuwa Kondele mbele ya karai, nakaanga samaki, na hakuna hata mtu mmoja aliyejua kwamba nimefiwa. Nitawaambia ukweli: kuliko maumivu ya ule usiku, kilichoniumiza ni ile jioni. Wateja wananiuliza bei, mimi nawajibu.

Kwa miaka miwili niliamini nimeiua kwa zile dawa za malaria. Wengine mtaani, kama wangejua, wangesema ni chira, nimevunja mwiko fulani. Siku moja muuguzi mtaratibu aliketi nami akanieleza. Katika mimba kumi zilizokwisha kujulikana, moja au mbili hivi huishia njiani, nyingi kabla ya wiki ya 12. Na mara nyingi sababu iko mwanzoni kabisa, pale mbegu na yai vilipokutana na ile mistari ya urithi haikupangika sawasawa. Si kubeba ndoo ya maji. Si kugombana na mama mkwe. Si jicho la mtu. Kuhusu dawa zangu alisema hakuna awezaye kuapa, ila hakuona sababu ya mimi kujibebesha msalaba huo. Nililia pale ofisini kwake kama mtoto. Miaka miwili, na maneno yenyewe hayakuchukua hata robo saa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naielewa methali hii kwa mwili wangu. Siwaambii mtangaze kwenye kipaza sauti cha soko. Nawaambia mchague mtu mmoja, mbali na mume. Mama, dada, rafiki, mke wa mchungaji, mimi. Mtu ambaye ukimpigia saa nane ya usiku atakuja na bodaboda. Mimba ya pili nilimwambia mama yangu siku ile ile niliyopima. Alikuja kutoka Ahero na kuku mikononi, hakusema mengi, alikaa siku tatu akinifulia. Na kliniki nikaenda wiki ya 9.

Huyo mtu mmoja ajue na dalili za kukimbilia hospitali. Damu kidogo ya matone huwapata wengi na mimba ikaendelea, lakini ni ya kuangaliwa siku hiyo hiyo, hasemi mtu “itakauka”. Damu nyingi inayojaza pedi, mabonge, homa kali, usingoje asubuhi. Na lipo moja ambalo naliogopa kuliko yote: mimba iliyojishikiza nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, pengine yanapanda hadi kwenye bega bila kuanguka wala kugongwa, kizunguzungu, mtu anazimia. Damu inaweza kuwa inavuja ndani na nje huoni kitu. Hiyo ni ya saa hiyo hiyo. Haina manyasi, zile dawa za miti shamba, haina maombi ya kwanza halafu hospitali. Maombi yafanyike njiani. Na mimba ikitoka, nenda hospitali hata kama damu imekoma, wahakikishe hakuna kilichobaki, na wapime kundi lako la damu, kwa sababu wenye damu hasi wanahitaji sindano ya kulinda mimba inayofuata.

Kliniki yenyewe haitishi. Utapimwa uzito, presha, mkojo. Utatolewa damu waangalie wingi wake, kundi lake, sukari, kaswende na virusi vya ukimwi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowafanya wengi wachelewe, najua, tuko ukanda ambao umeumizwa sana. Lakini aliyekutwa navyo wiki ya 8 akaanza dawa ana nafasi kubwa ya kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye navyo, na aliyesubiri mwezi wa nane amejipunguzia nafasi hiyo mwenyewe. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mama aonwe mara nane, ya kwanza kabla ya wiki 12. Kama hujajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, piga *147# kwa simu yako, hata sasa hivi mkiwa mmekaa.

Nimeshapitiliza muda, mwenyekiti ananitazama. Neno la mwisho ni tangazo. Kwenye kile chumba kidogo cha nyuma yupo muuguzi, ana vipimo vya mkojo na vya malaria, na atakaa hadi saa kumi. Aliye na tarehe yake aje nayo, asiye nayo aje tu. Chai tutaiandaa huku mbele, upande wa barabara, watu wote wawe wanatazama huku, na mlango wa nyuma nimeuacha wazi.